Unguja kwa Fedha Kidogo: Mwongozo Kamili wa Kujipangia Safari Bila Wakala

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kwenda Unguja kwa siku nne hadi sita, akijipangia mwenyewe, kwa fedha zisizoruhusu makosa mengi. Wengi wanaorudi wakilalamika kwamba kisiwa kimewamaliza mfuko hawakuumizwa na bei ya chumba, ambayo huwa wameitafuta kwa uangalifu mkubwa. Waliumizwa na tarehe. Walikwenda bila kuangalia mwezi, wakafikia upande ambao maji yalikuwa yamekupwa saa zote walizotaka kuogelea, kisha wakakodi gari kila siku kuifuata bahari kwingine. Kwa sababu hiyo, hatua zilizo hapa chini zinaanza na bahari, na kitanda kinafuata baadaye.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kitambulisho halali. Mtanzania atumie kitambulisho cha taifa, pasipoti au kingine rasmi chenye picha. Asiye Mtanzania anahitaji pasipoti, na raia wa nchi jirani anaweza kutumia hati ya muda ya kusafiria inayotambuliwa na Uhamiaji.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa anayetoka katika nchi yenye ugonjwa huo. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo katika orodha.
- Bima ya kuingia Zanzibar, kwa mgeni kutoka nje ya Tanzania. Utaratibu huu ulianza tarehe 1 Oktoba 2024, bima hutolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, na bei yake ilianzia dola 44 za Marekani kwa mtu mzima. Bima ya safari uliyokata kwenu haichukui nafasi yake, kwa hiyo iingize katika hesabu tangu siku ya kwanza.
- Kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha kabisa.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari ya Zanzibar, ambalo hupatikana bure mtandaoni.
- Fedha taslimu za noti ndogondogo, na nyingine katika simu.
- Begi moja la mgongoni, si sanduku la magurudumu.
- Yeboyebo au viatu vingine vya mpira vya kuingilia majini, kanga au kikoi, na vidonge vya kuzuia kichefuchefu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Zanzibar na Tanzania Bara, hivyo vitu vyako vifunge katika mfuko wa nguo.

## Hatua ya 1: Chagua juma kwa kufuata mwezi

Bahari ya Unguja hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hubadilika kadiri mwezi unavyokua na kupungua. Siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti hiyo inaweza kufika takriban mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji husogea kidogo tu.

Kwa anayeshika kalenda ya Kiislamu hesabu ni nyepesi. Bamvua huangukia karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi, na maji mafu huja karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24.

Sasa angalia saa, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Katika pwani ya Unguja, siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na hujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya juma moja mambo yamepinduka: siku za maji mafu, bahari huwa imejaa karibu saa nne au saa tano asubuhi, wakati ambao mgeni amekwisha kunywa chai na anataka kuoga, na hata ikipwa jioni haiendi mbali.

Kwa hiyo, kama lengo lako ni kuogelea katika pwani ya mashariki, ambako malazi ni nafuu zaidi, panga siku zako za ufukweni ziangukie maji mafu. Kama huwezi kubadilisha tarehe na umepata bamvua, usikate tamaa. Utabadilisha pwani katika hatua inayofuata.

Majira ya mwaka yana uzito wake pia. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta mvua nzito, na ingawa bei hushuka, baadhi ya hoteli za ufukweni hufungwa kabisa mwezi wa Aprili na Mei. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, na mvua zake kwa kawaida hupita upesi. Kipupwe cha Juni hadi Septemba ni kizuri kwa kutembea, lakini upepo wa kusi huichafua bahari na safari ya boti huwa ya kurushwarushwa. Bei hupanda sana Julai na Agosti, na tena kuanzia wiki ya Krismasi hadi mwanzoni mwa Januari. Mwezi wa Februari, lifanyikapo tamasha la muziki la Sauti za Busara, vyumba vya bei nafuu vya Mji Mkongwe huisha mapema. Nikiulizwa, ningechagua nusu ya pili ya Januari, au Septemba kuelekea mwanzo wa Oktoba.

Kuhusu Ramadhani: migahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani ni kuvunja heshima ya wenyeji. Anayefunga atafurahia futari za Unguja kuliko mahali pengine popote. Asiyefunga, na ambaye anategemea chakula cha mtaani ili abane matumizi, achague mwezi mwingine.

Utajua umefaulu pale unapoweza kuandika, kwa kila siku ya ufukweni, saa ambayo maji yatakuwa yamejaa.

## Hatua ya 2: Chagua pwani moja, usihamehame

Kosa la pili kwa gharama ni kutaka kulala Nungwi usiku mmoja, Paje wa pili na Kizimkazi wa tatu. Barabara kuu za Unguja hutoka mjini kwenda kila upande wa kisiwa, na daladala hufuata mkondo huo huo. Anayetoka kaskazini kwenda kusini-mashariki mara nyingi hulazimika kurudi mjini kwanza. Kila kuhama kunakula nusu siku na nauli mbili, au teksi moja ambayo bei yake inaweza kulipia chumba.

Chagua kituo kimoja cha pwani, na uongeze Mji Mkongwe. Basi.

Nungwi na Kendwa, kaskazini, ni kilomita zinazokaribia 60 kutoka mjini. Huko ufuko unashuka haraka na maji hayaendi mbali hata siku za bamvua, hivyo unaweza kuoga karibu saa yoyote. Bei za vyumba ziko juu, na usiku kuna muziki. Hata hivyo, kwa mtu aliyepata tarehe za bamvua, chumba cha Nungwi kinachozidi kidogo bei ya Jambiani kinaweza kuwa nafuu kwa jumla, kwa sababu hutahitaji gari la kukupeleka popote.

Paje, Bwejuu na Jambiani, kusini-mashariki, ziko nyuma ya mwamba wa matumbawe unaofanya bwawa refu lenye kina kidogo. Paje ina vijana wengi, na michezo ya kuvutwa na upepo juu ya maji. Jambiani ni kijiji kirefu kilichotulia, chenye gesti za wenyeji na chakula cha bei ya kijijini. Maji yakipwa siku za bamvua, unaweza kutembea mamia ya mita juu ya mchanga na nyasi za baharini kabla ya kufika kiunoni.

Kutembea huko ni jambo la kufanya walau mara moja. Utawakuta kina mama wameinama kwenye mistari ya mwani, kila mstari kamba iliyofungwa kwenye vijiti viwili, na vishada vya mwani vikining'inia kila baada ya kiganja au viwili. Usikanyage kamba wala usipige picha bila kuomba. Ile ni shamba la mtu. Vaa yeboyebo, kwa maana kwenye nyasi hizo hujificha viumbe weusi wenye miba mirefu, na mwiba ukikatikia unyayoni safari yako imekwisha. Tena geuka mapema: maji hurudi kwa kupitia mifereji iliyo nyuma yako kabla hujaona kwamba yamerudi mbele.

## Hatua ya 3: Gawa fedha kabla hujalipa chochote

Toa kwanza nauli ya kufika Dar es Salaam na kurudi, nauli ya boti kwenda na kurudi, na bima kama inakuhusu. Hizo si fedha za matumizi. Zichukulie kama zimekwisha kuondoka.

Kinachobaki kigawe katika sehemu kumi. Nne ni za malazi, mbili na nusu za chakula, moja na nusu za usafiri wa ndani, moja ya matembezi ya kulipia, na moja ni akiba isiyoguswa. Mgawanyo huu unafaa kwa anayesafiri na mwenzake wakilala chumba kimoja. Anayesafiri peke yake aongeze nusu sehemu kwenye malazi na kuipunguza kwenye matembezi, au alale katika chumba cha vitanda vingi, ambavyo hupatikana Mji Mkongwe, Paje na Nungwi.

Ikiwa sehemu nne za malazi, ukizigawa kwa idadi ya usiku, hazifikii bei ya gesti rahisi uliyoulizia, punguza usiku mmoja. Usipunguze akiba. Akiba ndiyo itakayokulaza mjini siku boti itakapoahirishwa kwa sababu ya upepo.

Nje ya mji mashine za kutolea fedha ni chache, na zikiisha noti au mtandao ukikatika unabaki na kadi isiyo na kazi. Toa fedha za siku zote za pwani ukiwa bado mjini.

## Hatua ya 4: Weka malazi kwa kuuliza maswali yanayobana

Anza na pwani, na uache usiku wa mwisho kwa Mji Mkongwe. Ukifanya kinyume, yaani mjini kwanza na pwani mwisho, siku ya kuondoka utalazimika kuamka alfajiri na kukodi teksi ili uiwahi boti. Ukimaliza mjini, utakwenda bandarini kwa miguu.

Tafuta chumba mtandaoni, kisha mpigie au mwandikie mwenye nyumba moja kwa moja. Muulize haya, na umwombe akujibu kwa maandishi:

Bei ni ya chumba au ya mtu? Inajumuisha kodi na ile tozo ya serikali inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku, au nitadaiwa nikiondoka? Chai ya asubuhi imo? Bei ya raia au ya mkaazi wa Afrika Mashariki ipo? Kutoka mlangoni hadi majini ni hatua ngapi, na njia inapita wapi? Maji ya kuogea ni ya chumvi au baridi? Umeme ukikatika feni inaendelea?

Swali la umbali lina sababu yake. "Dakika tano kutoka ufukweni" ni maneno yanayoweza kuwa ya kweli kwa gari. Swali la maji nalo lina sababu, kwani visima vingi vya pwani ya mashariki vina chumvichumvi, na ukioga maji hayo siku nne nywele na ngozi vitakuambia.

Tahadhari: Usilipe fedha zote mapema. Malipo ya awali ya usiku mmoja yanatosha, na yaende kwa jina linalofanana na la mwenye nyumba uliyezungumza naye. Akikushinikiza ulipe yote "leo hii" kwa namba yenye jina jingine, mwache.

## Hatua ya 5: Kata tiketi ya boti

Boti za mwendo kasi huondoka katika bandari ya abiria ya Dar es Salaam mara kadhaa kwa siku, ya kwanza ikiwa asubuhi mapema, na huvuka kwa takriban saa mbili. Ndege huchukua kama dakika 20, lakini ukijumlisha safari ya kwenda uwanjani na kutoka, faida ya muda si kubwa kama inavyoonekana.

Kata tiketi katika tovuti ya kampuni au katika dirisha lake rasmi, na jina lililo kwenye tiketi lilingane na lililo kwenye kitambulisho. Nje ya bandari utapokewa na watu wenye vitambulisho vya kuning'iniza shingoni watakaokuambia kwamba boti imejaa na wao wanaweza kukusaidia. Usibishane nao, endelea kutembea hadi dirishani. Nauli ya raia huwa chini kuliko ya mgeni, kwa hiyo usimpe mtu mwingine kazi ya kukukatia.

Chagua boti ya asubuhi. Bahari huwa tulivu zaidi, na utafika ukiwa na muda wa kuwahi daladala ya kwenda pwani. Fika bandarini saa moja kabla ya kuondoka.

Kama ni msimu wa kusi, meza kidonge cha kichefuchefu nusu saa kabla, kula kitu chepesi, na ukae nyuma au katikati, sehemu ya chini. Mbele kuna mandhari mazuri na ndiko boti inakopiga wimbi. Mhudumu anapoanza kupita akigawa vifuko kabla watu hawajaomba, ujue anajua anachokifanya, chukua kimoja.

## Hatua ya 6: Kutoka bandarini hadi pwani kwa daladala

Hatua hii ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko nyingine zote, na ndiyo ambayo watu huikimbia. Teksi ya kwenda Nungwi au Jambiani inaweza kuwa mara nyingi ya nauli ya daladala.

Ukitoka getini utakutana na papasi, yaani madalali wanaowavizia wageni. Mtu akikuambia "karibu, teksi", jibu "nimefikia nyumbani, ahsante", kisha utembee kuelekea soko la Darajani kama mwendo wa robo saa. Huko ulizia duka lolote gari lako linapopakilia leo, maana vituo vya mjini vimekuwa vikihamishwa. Usiulize kwa jina la hoteli, uliza kwa namba: 116 ni ya Nungwi, 309 ya Jambiani, 324 ya Bwejuu kupitia Paje.

Muulize abiria mwenzako nauli kabla ya kupanda, si konda. Begi la mgongoni linapakatwa bure. Sanduku kubwa litapandishwa juu na huenda likatozwa. Safari ni saa moja na nusu hadi mbili, pengine zaidi, kwa sababu gari husimama kila penye mkono ulioinuliwa, na gunia la mchele, tenga la samaki na wewe mna haki sawa.

Tahadhari: Magari hupungua sana jioni. Kama boti yako inafika baada ya saa tisa na nusu alasiri, lala mjini usiku huo, hata kama inakulazimu kubadilisha mpangilio. Gharama yake ni ndogo kuliko teksi ya usiku.

Utajua umefaulu ukishuka barabarani karibu na gesti yako mchana ukingali mweupe, na fungu lako la usafiri likiwa limepungua kidogo sana.

## Hatua ya 7: Kula wanakokula wenyeji

Migahawa ya ufukweni hutoza kwa bei ya mandhari. Rudi nyuma kijijini, ng'ambo ya barabara kuu, utamkuta mama ntilie mwenye wali wa nazi, mchuzi wa samaki na maharage. Nenda kabla ya saa saba, kwa sababu chakula kikiisha kimeisha. Asubuhi kuna maandazi, chapati na mkate wa boflo. Kama unataka pweza au samaki wa jioni, mwambie mama tangu asubuhi na mkubaliane bei. Atanunua wavuvi wakirudi.

Mjini, tafuta urojo katika vichochoro, ambako bakuli moja lenye bajia, viazi, kachori na chipsi za muhogo linakushibisha. Bustani ya Forodhani, panapouzwa vyakula usiku, ni pazuri kwa kutazama, na sioni sababu ya kukukataza, ila ule kile kinachopikwa mbele yako, kama pizza ya Zanzibar au miwa inayokamuliwa ukiiona. Mishikaki ya samaki iliyopangwa mezani tangu magharibi ndiyo ghali zaidi na ndiyo ninayoiamini kidogo zaidi. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani.

## Hatua ya 8: Chagua matembezi mawili tu ya kulipia

Bei ya boti ya matembezi kwa kawaida ni ya chombo kizima, si ya kichwa. Watu wawili wanaokodi peke yao kwenda kisiwa cha Changuu hulipa karibu sawa na sita. Jioni ya kuamkia safari, waulize wageni wa gesti yako nani anataka kwenda, kisha mzungumze na nahodha mkiwa kundi, mkikubaliana pia saa ya kurudi, vifaa vya kuzamia, na nani analipa kiingilio. Viingilio vya hifadhi, kama kisiwa cha Mnemba na msitu wa Jozani wenye kima punju, aghalabu havimo katika bei unayotajiwa. Jozani iko kandokando ya barabara ya Paje na Jambiani, kwa hiyo unaweza kushuka kwenye daladala, uingie, kisha usimamishe nyingine.

Safari za pomboo za Kizimkazi siwezi kuzipendekeza. Boti nyingi huwakimbiza wanyama wale mpaka wanazama, na unalipa kuona migongo.

Bila kulipa chochote unaweza kutembea Mji Mkongwe asubuhi mapema, soko la Darajani samaki wanapoletwa, na bandari ya majahazi ya Malindi. Mjini na vijijini jistiri mabega na magoti. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni.

## Hatua ya 9: Rudi mjini siku moja kabla

Ondoka pwani kwa daladala ya asubuhi katika siku ya kabla ya boti yako. Siku hiyo thibitisha saa ya kuondoka kwa kampuni, kwani ratiba hubadilika upepo ukizidi. Kama una basi la kuunganisha kwenda Arusha, Mbeya au Mombasa, au ndege ya kwenda mbali zaidi, usiikate kwa siku ile ile ya kuvuka. Acha usiku mmoja Dar es Salaam, na uulipie kutoka ile sehemu ya kumi ambayo hukuigusa.